Mgomba Huchipua Kabla ya Ukuta

Waandishi wengi wa hadithi za kubuni wakitaka mji wenye kovu, huchoma nyumba kadhaa, hutaja "vita vya zamani" katika sentensi moja, kisha humrudia shujaa wao na safari yake. Msomaji hawezi kujua kama uvamizi ulipita mwaka jana au miaka 30 nyuma. Kuta zina masizi, wazee wana huzuni, basi. Kinachokosekana ni umri wa vitu. Mji uliovamiwa hauponi wote kwa mpigo. Maharage hurudi kwa miezi mitatu, ng'ombe kwa miaka kumi na zaidi, mvule kwa umri wa mtu mzima, na majirani huanza kuaminiana tena kwa kalenda isiyofanana na yoyote kati ya hizo. Ukishajua nini hurudi lini, unaweza kumwonyesha msomaji mwaka gani tumo bila kumtajia tarehe hata moja.

Makala haya ni ya mtu anayetaka kuujenga mji wa namna hiyo: wa mpakani, kando ya mto, uliowahi kutekwa na mazimwi, majeshi, au chochote alichokibuni. Nitatumia mji wa mfano niliouita Mavuko, lakini hesabu zake nimezifanya kwa mito, mazao na mabega ya watu wa kweli.

Na kabla ya kubuni, utazame mji wa kweli. Ulio karibu nasi ni Kyaka, mkoani Kagera. Mpaka wa Tanzania na Uganda upande ule ulichorwa na wakoloni kwa kufuata mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta, haukuufuata mto. Kwa hiyo kipande cha Tanzania cha kama kilomita za mraba 1,800 kiko kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka ndilo lililokuwa mlango wake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote hadi mtoni ni ya Uganda, na tarehe 3 daraja likalipuliwa. Kabla mwezi haujaisha jeshi la Tanzania lilikuwa limeweka daraja la muda na kuvuka, likakuta raia waliouawa, nyumba zilizoporwa, na mazizi matupu. Ng'ombe kwa maelfu walikuwa wameswagwa kwenda kaskazini. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini magofu ya kanisa lililobomolewa pale Kyaka yamebaki yamesimama.

Angalia hapo kitu ambacho ramani za hadithi hukikosa mara kwa mara: mto haukuwa mpaka. Mpaka ulikuwa mbele, kama kilomita 30 kwa barabara hadi Mutukula, na kati yake na mto kulikuwa na watu, migomba na makaburi ya babu zao. Ukiuweka mto uwe mpaka wenyewe, mvamizi akifika mtoni ndiyo kwanza anaanza. Ukiuweka mto nyuma ya mpaka, kufika kwake mtoni kunamaanisha tayari ameshashika nyumba za watu, na mji wako unatazama ng'ambo mashamba yake wenyewe yakiungua. Naupendelea mpangilio huu wa pili kuliko wowote mwingine.

Mto kwanza

Mji wa mtoni huwa mahali pa kuvukia. Chagua sehemu ambayo mto umebanwa na mwamba pande zote mbili, kwa sababu kingo za udongo huliwa na maji, hasa upande wa nje wa kona, na gati la mwaka huu mwakani liko katikati ya mto. Upande wa ndani wa kona maji hupunguza kasi na kuacha mchanga, kwa hiyo huko mitumbwi hukwama wakati wa kiangazi. Mavuko una mto wa upana wa mita 80 na mkondo wa mita 1 kwa sekunde, kasi ya mtu anayetembea polepole.

Sasa hesabu mtumbwi. Wapiga makasia wakiuelekeza ng'ambo moja kwa moja kwa kasi hiyohiyo ya mita 1 kwa sekunde, watavuka kwa sekunde 80, lakini watakuwa wamechukuliwa mita 80 kuelekea chini. Ndiyo maana kila ukingo unahitaji magati mawili: la juu la kuondokea na la chini la kufikia, na kati yake njia iliyokwanguliwa na vitako vya mitumbwi inayoburutwa kurudi juu. Nimesoma miji mingi ya kubuni yenye mto na sijakutana na njia hiyo. Ukiiandika, msomaji aliyekulia mtoni atakuamini hadi mwisho wa hadithi.

Pantoni ya kamba ni hatua ya juu zaidi. Kamba nene hutandazwa toka ukingo hadi ukingo, ikafungwa kwenye miti yenye mizizi mirefu au magogo yaliyozikwa, na chombo hufungwa kwenye kamba hiyo kwa kamba mbili fupi, moja mbele na moja nyuma. Ukiifupisha ya mbele, chombo hukaa mshazari dhidi ya mkondo, na maji yenyewe hukisukuma ng'ambo bila kasia. Ukiifupisha ya nyuma, hurudi. Kinachoikata kamba kwa kawaida si uzito wa abiria. Wakati wa mafuriko mto hubeba magogo na visiwa vizima vya mafunjo vilivyong'oka kwenye kinamasi. Kisiwa kimoja kikinasa kwenye kamba huivuta mpaka ikatike au ing'oe mti. Mwendeshaji mwenye akili huiachia kamba upande mmoja kabla maji hayajajaa, kisha anakaa wiki mbili bila kipato. Ng'ombe hawapandishwi humo ikiwezekana, maana wakistuka hukimbilia upande mmoja na chombo kinapinduka. Huogeleshwa ubavuni mwa mtumbwi, mtu ameshika pembe na kuinua pua juu ya maji.

Siku ya kukimbia

Siku ya uvamizi huna haja ya kuieleza yote, ila lazima uijue hesabu yake. Tuseme Mavuko na vijiji vyake vya ng'ambo vilikuwa na watu 2,000 waliotakiwa kuvuka, daraja limekwishaangushwa, na kuna mitumbwi minne. Kila mtumbwi unabeba abiria sita. Kupakia, kuvuka, kushusha, kurudi na kuburuta hadi gati la juu ni dakika 20. Safari zinazohitajika ni 334, yaani karibu 84 kwa kila mtumbwi. Hiyo ni saa 28 mfululizo, bila mpiga kasia kuchoka, bila giza, bila kiboko, bila mtu kung'ang'ania kuvuka na mbuzi wake.

Mazimwi yanafika baada ya saa kumi.

Kuna watu kama 720 waliovuka na kama 1,280 waliobaki ufukoni au waliokimbilia mafunjoni. Nani aliamua zamu? Kama ni mwenye mtumbwi, alianza na ukoo wake. Kama ni mzee wa mji, huenda alianza na watoto na kuwaacha mama zao. Kila uamuzi una jina la mtu, na miaka 12 baadaye mtu huyo bado anapita sokoni. Andika orodha ya zamu ile hata kama haitaonekana popote kwenye hadithi. Humo ndimo zitakapotoka chuki zote, deni zote, na ndoa zinazokataliwa bila sababu kutajwa.

Kurudi

Amua pia mvamizi alichukua nini, kwa sababu upungufu wa mji ndio sura yake. Mazimwi yanayokula nyama lakini hayajali chuma yataacha majembe na kumaliza mazizi. Mavamizi yanayohitaji chuma yataacha ng'ombe na kubeba majembe, mashoka, hata misumari ya milango. Mavuko wamepoteza vyote viwili, na waliorudi kwanza ni watu wazima 150 tu, wenye majembe 40 waliyoyaficha au kuyanunua.

Kitu cha kwanza wanachokiona ni kijani. Mgomba uliochomwa haufi, maana tunguu lake liko ardhini, na mvua ikinyesha huchipua upya. Shamba la migomba lililoungua huonekana hai kabla hata kuta hazijapigwa udongo, na kwa macho ya aliyerudi hilo ni jambo kubwa. Lakini usiharakishe kumlisha. Chipukizi huchukua miezi 12 hadi 18 kutoa mkungu, na shamba lililoachwa bila kupaliliwa hujaa fukusi wanaotoboa tunguu, hivyo mingi huanguka kwa upepo ikiwa na mkungu mchanga. Kama mvamizi alijua kilimo, aliyang'oa matunguu. Mvamizi aliyefanya hivyo alikusudia watu wasirudi tena, na wazee watamsoma hivyo mara tu wakiona mashimo.

Kwa hiyo chakula cha kwanza ni maharage, yanayokomaa kwa siku 75 hadi 90, na ulezi wa miezi mitatu hadi minne. Kulima pori la nyasi kwa jembe la mkono ni kama siku 20 za mtu mmoja kwa ekari. Majembe 40 yakifanya kazi kila siku yatafungua ekari 2 kwa siku. Zikibaki siku 30 kabla ya mvua, ni ekari 60. Mbegu za maharage ni kilo 25 hadi 30 kwa ekari, kwa hiyo zinahitajika gunia 15 hadi 18 za kilo 100 ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuzipika. Na watu 150 wanaokula nusu kilo ya nafaka kwa siku humaliza kilo 75 kila siku, sawa na gunia 68 kwa miezi mitatu ya kusubiri. Gunia hizo lazima zitoke mahali, na mwenye kuzikopesha atakuwa na sauti Mavuko kwa miaka mingi. Mbegu huchanganywa na majivu; majivu huzuia bungua, na pia humfanya mwenye njaa afikirie mara mbili kabla ya kuzitia chunguni.

Hapa ndipo waandishi hukosea: wanaweka njaa mwaka wa uvamizi na shibe baada ya mavuno ya kwanza. Fanya hesabu tena. Ekari 60 zikitoa kilo 250 kila moja ni kilo 15,000, chakula cha siku 200 kwa wale 150. Habari zinasambaa kwamba Mavuko kuna mavuno. Familia zinarudi, mji unakuwa na watu 600, matumizi yanapanda hadi kilo 300 kwa siku, na ghala linalotosha siku 200 linaisha kwa siku 50. Njaa kali huja baada ya mavuno mazuri, na inawakutanisha watu wawili wasiosikilizana: aliyelima kwa jasho akiwa hana paa, na aliyerudi na watoto watano akidai shamba la baba yake.

Mengine yana mwendo wake. Mbuni mpya huzaa baada ya miaka mitatu au minne, ndiyo maana fedha hurudi mjini mwaka wa tano au wa sita, haziji mapema zaidi. Ng'ombe ni wa mwisho. Majike kumi yatazaa ndama kama sita kwa mwaka, mmoja au wawili watakufa, nusu ya waliobaki ni madume, na mitamba miwili au mitatu iliyosalia haitazaa hadi iwe na miaka mitatu au minne. Kundi linaloongezeka kwa asilimia 7 kwa mwaka huhitaji miaka kumi kuwa mara mbili. Na kwanza ng'ombe wapate pa kukaa. Baada ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walipochoma vyakula kwa makusudi, njaa iliua watu wengi kuliko risasi, na kusini mwa Tanganyika palipobaki bila watu pori lilirudi pamoja na wanyama na mbung'o. Palipo na mbung'o ng'ombe hafugiki. Kwa hiyo mifugo inasubiri pori lifyekwe, pori linasubiri mikono, na mikono inasubiri maharage. Ukiupindua mfuatano huo, ukaweka maziwa tele mwaka wa pili, msomaji mfugaji atafunga ukurasa.

Boma

Kila mtu huandika ukuta, kwa hiyo hesabu ukuta. Mavuko wa leo, mwaka wa 12, una watu 1,200 katika nyumba 240. Kila nyumba ikiwa na mita za mraba 200 pamoja na uwanja wake, mji ni mita za mraba 48,000. Ukiwa nusu duara iliyoegemea mto, upinde wake ni mita 550. Nguzo za unene wa sentimita 15 zikipangwa bila nafasi ni karibu 3,700, kila moja mita 4, na mita 1 iko chini ya ardhi. Mtu mmoja hukata na kupogoa kama nguzo nane kwa siku, hivyo kukata kunahitaji siku 460 za mtu. Kubeba ni kitu kingine kabisa. Msitu uko kilomita 3, nguzo moja inabebwa na watu wawili, safari tatu kwa siku. Hizo ni siku 2,500 za mtu. Kazi ya boma iko begani zaidi kuliko kwenye shoka, na kila bega lililo njiani na gogo halipo shambani. Mji unaojenga boma mwaka wa kwanza utakufa njaa ndani ya boma zuri.

Tena nguzo za mti laini huliwa na mchwa kwa miaka mitatu minne. Mvule na mpingo hustahimili, lakini ni migumu kukata na iko mbali. Watu wa bara katika karne ya 19, Unyamwezi kwa mfano, walitumia pia minyaa: unachomeka vipande ardhini, vinashika bila kumwagiliwa, na baada ya miaka michache una ukuta hai usioungua kirahisi, wenye utomvu unaochoma macho ya anayeukata. Napenda Mavuko uwe na vyote. Upande wa lango kuna nguzo, zilizobadilishwa mara tatu na rangi zake hazifanani. Kwingine kuna minyaa, na urefu wake unapungua kadiri unavyoenda mashariki, kwa sababu ilipandwa mwaka hadi mwaka watu walipopata nafasi. Mgeni akizunguka tu anausoma mji wote.

Yasiyochipua

Mashamba yana mipaka, na mipaka ilikuwa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mwisho wa shamba. Masale hayafi kirahisi, lakini yanahamishika usiku mmoja. Aliyerudi miezi sita kabla ya jirani yake ana nafasi ya kutosha. Wazee wanaojua hufukua: chini ya mpaka wa haki uliozikiwa mkaa siku ya kugawana, mkaa ungalipo, kwa sababu hauozi. Huu ndio ushahidi bora kwa hadithi ya baraza, kwani unaweza kuonekana kwa macho, na pia unaweza kughushiwa na mtu mwenye subira.

Watoto nao wana pengo. Mwaka wa kukimbia na ule unaofuata walizaliwa wachache na walifariki wengi. Mwaka wa 12, wenye miaka 11 na 12 ni wachache mno, wakati wa miaka saba au minane wamejaa kila uwanja. Rika la jando likiwa na vijana wanne tu, kila mtu anaelewa bila kuelezwa.

Na usisahau kwamba vita huleta njia mpya, na kwa njia hizo hupita mema na mabaya. Kagera baada ya 1979 ilikuwa na askari waliorudi, magendo ya mpakani, na umaskini. Nyerere alitangaza miezi 18 ya kufunga mikanda, na dhiki ikadumu zaidi ya hapo. Mwaka 1983 mkoani humo ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizoingia kwa magendo toka Uganda. Ukitaka Mavuko uwe na ugonjwa, usiulete kama laana ya mazimwi. Uache uingie mwaka wa tano kwa mlango wa biashara, wakati fedha za kahawa zimeanza kuonekana na watu wanaamini yamekwisha, na uache watu waupe jina la kitu walichokuwa wanakitamani.

Kuhusu uchawi, kanuni yangu ni moja: usivunje kalenda bila kulipa. Mganga akiweza kuiivisha migomba yote kwa usiku mmoja, hesabu zote za hapo juu zinayeyuka na mji hauna shida ya kuandika. Mpe kipimo. Aivishe mikungu 20 kwa mwezi mwandamo, na rutuba yake itoke shamba fulani linaloonekana, lenye mwenyewe. Kama kuna jini la mto, mfunge kwenye zile saa kumi. Siku ya kukimbia mpiga kasia mmoja aliliomba litulize maji, likakubali, akaahidi kitu ambacho hakuwa nacho. Miaka 12 ndiyo muda aliopewa.

Sasa mlete mgeni wako, na mlete kwa pantoni, asubuhi, upande wa ng'ambo. Aone gati la juu na la chini, nguzo za rangi tatu, minyaa inayoshuka kimo, migomba minene, mibuni inayozaa, na ng'ombe kumi na tano tu kwenye malisho yanayotosha mia. Apite viwanja vilivyojengwa na vilivyopaliliwa. Halafu afike kwenye kiwanja kimoja karibu kabisa na maji, pazuri kuliko pote, kina kisingi cha mawe na nyasi hadi kiunoni, na majirani wa pande zote mbili wamelima hadi kwenye masale wakaishia hapo. Hicho ni cha yule aliyegawa zamu. Usimwambie bado.